Walinitafuta kwa Mlio wa Mashini ya Kusaga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe pia kwa niaba ya yule ambaye asubuhi hii hana nguvu ya kuitikia. Huyo ninamjua. Nilikaa miezi mingi humu ndani, midomo ikicheza wakati wa nyimbo na sauti haitoki, na hakuna aliyegundua.

Jina langu ni Kambale. Wengi mnaniita mutoto wa Mama Kahindo, kwa sababu ninaishi kwake, huku kwetu Annexe, pembezoni mwa mji, upande wa reli. Mama Kahindo ni dada ya baba yangu. Mimi namwita tantine. Amekaa pale mbele, ameshika kitambaa mkononi tangu ibada ianze. Yeye ndiye aliyeniambia, "Enda useme. Useme yote." Na mchungaji wetu akaniambia nieleze mambo yalivyokuwa, nisiongeze na nisipunguze.

Basi nitalitaja jambo kwa jina lake, kwa sababu kuficha jina lake kulikaribia kunimaliza. Ndugu zangu, nilitaka kujiua. Mimi niliyebatizwa, mimi ninayewapigia gitaa vijana wa kwaya, nilitaka kujiua, na siku moja nilikuwa nimekwisha kuamua. Kwa njia gani, sitasema, na nawaomba msiniulize hata huko nje. Ninachotaka mjue ni jinsi mtu anavyofika pale, na jinsi mimi nilivyotolewa.

Mimi ni mzaliwa wa Goma. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa maharagwe. Sisi watoto tulijifunza kutembea kati ya magunia. Kaka yangu Paluku ndiye aliyesindikiza mzigo, akipita barabarani, akivuka ziwa hadi Kalemie, akipanda tena lori mpaka hapa Lubumbashi. Mimi nilitumwa huku kuupokea. Tulikuwa na depo ndogo, ghala letu la kuuzia, na wateja wetu walikuwa akina mama wa sokoni na wapishi wa kantini za barabara ya Kinsevere. Kila jioni baba alipiga simu. Aliuliza kama mzigo umefika mkavu, kisha akauliza kama nimekula. Nilikuwa na maisha, ndugu zangu! Nilikuwa nimeanza hata kutafuta kiwanja.

Kisha vita vikaingia Goma.

Wengi wenu mlivisikia kwenye redio mkasikitika, kisha mkalala, na siwalaumu. Mimi nilivisikia kwenye simu. Baba alinipigia akiwa ndani ya nyumba, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na milio. Akasema, "Kambale, ninyamaze kidogo, watu wanapita inje." Akanyamaza. Nikawa nasikia anavyopumua. Kisha laini ikakatika.

Sikuipata tena laini ile. Siku zikapita, nikawa napiga na kupiga, nikajua kwa moyo yale maneno ya mama wa kwenye simu anayesema mteja hapatikani. Mwishowe jirani mmoja wa Goma aliyekuwa amepata mtandao alinitumia picha. Hakuandika neno. Ilikuwa picha ya udongo mwekundu uliochimbwa upya, na misalaba ya mbao iliyopangwa kama watoto wa shule mstarini, na kwenye ubao mmoja jina la baba yangu limeandikwa kwa rangi, herufi moja imekosewa. Ndivyo nilivyojua. Baba yangu alizikwa na watu wasiojua kuandika jina lake.

Mama na dada zangu walizunguka kupitia Uganda wakafika Butembo wakiwa na nguo walizovaa. Kaka yangu Paluku alikuwa njiani na mzigo siku ile. Hatujapata habari yake. Mpaka leo ninaposimama hapa, hatujui kama tumlilie au tumngojee.

Nami nilikuwa huku. Huku nilikuwa salama, na usalama ule ulikuwa unanila. Depo ilibaki na panya tu. Wateja walikuja mwanzoni kunipa pole, kisha wakaacha kuja kwa sababu hapakuwa na kitu cha kununua. Mwenye nyumba akachukua ufunguo wake. Na kuna siku nilisimamishwa barabarani na vijana wakasikia namna ninavyosema Kiswahili, mmoja akaniuliza, "Weye unatoka kule kwenye vita? Unakuya kutafuta nini huku kwetu?" Hawakunipiga. Waliniangalia tu mpaka nikaondoka. Kutoka siku ile nikaanza kukaa ndani.

Nyumbani mambo yalikuwa kimya. Tantine alikuwa amempoteza kaka yake, mimi nimempoteza baba, lakini hatukulia. Siku ya ile picha tantine aliizima simu, akaifunika kwa kitenge, akasema, "Mu hii nyumba hatulie, Kambale. Tukianza kulia hatutaweza kuacha." Akachukua jembe akaenda shambani kwenye mihogo yake. Nilimwelewa. Nilimtii. Mimi ni mwanaume, nimebaki mkubwa wa familia, mama anapiga simu kutoka Butembo akiniuliza, "Sasa tunafanya nini, baba?" Baba! Mama yangu mwenyewe alianza kuniita baba.

Ndugu zangu, wazo lile halikuja na pembe wala mkia. Lilianza kwa kutolala. Kisha chakula kikakosa ladha, ugali na sombe ya majani ya mihogo vikawa kama karatasi mdomoni. Kisha nikachoka, lakini uchovu usioondoka kwa kulala. Halafu wazo likaingia taratibu kama mgeni mwenye adabu, likaniambia kwamba mimi ni mzigo, kwamba mama atapumzika nisipokuwepo, kwamba tantine atakuwa na mdomo mmoja wa kulisha, wake tu. Ulikuwa uongo! Leo ninajua kila neno lilikuwa uongo. Lakini lilikuwa linasema kwa sauti yangu mwenyewe, na mtu ni nani hata aitilie shaka sauti yake mwenyewe?

Nilijaribu kusema. Nataka mlisikie hili bila kukasirika. Nilimwendea mzee mmoja wa maombi, tunayemwita papa, mtu mwema, jina lake sitalitaja. Nikamwambia, "Papa, nachoka na maisha." Akanikatiza. "Mukristo hawezi kusema vile! Hiyo ni pepo ya mauti, inatoka mu ukoo wenu." Akaita wengine, wakanizunguka, wakapaza sauti, wakanisukuma kichwa. Wakangoja nianguke. Nikaanguka. Nilianguka kwa sababu walikuwa wananingoja nianguke, na nilikuwa nimechoka kusimama. Wakapiga makofi, wakaimba, wakasema nimefunguliwa. Nikarudi nyumbani na lile wazo, na juu yake nikaongeza aibu. Sasa nisingeweza kumwambia mtu yeyote tena, maana nilikuwa nimekwisha kupona mbele ya watu.

Sisemi maombi ni bure. Nasema hawakuniuliza swali hata moja.

Kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa simu. Ilikuwa simu ya zamani, kioo kimepasuka, na umeme huku kwetu mnaujua wenyewe. Mchana mmoja, nikiwa nimelala kitandani nikipitisha kidole bila kuangalia, nikakutana na maneno ambayo mtu alikuwa ameyaweka mtandaoni: "Kama umechoka kuishi, kuya tusemezane. Sisi ni vijana kama weye. Hatutakuhukumu." Nikacheka. Nikasema hawa ni matapeli. Lakini kidole kikabonyeza.

Lilikuwa kundi la vijana la kwenye simu. Wengine walikuwa wa hapa mjini, wengine wa Likasi, wengine wa Kolwezi. Hakuna aliyetumia jina lake. Mimi nilijiita Jirani. Kulikuwa na wachache walioitwa wasikilizaji, vijana waliokuwa wamepita kwenye njia hiyohiyo wakatoka, na muuguzi mmoja mkubwa aliwafundisha namna ya kusikiliza. Hawakuhubiri. Hawakutuuzia kitu. Asubuhi kila mtu aliandika neno moja, "Nimeamka," na wengine wakajibu, "Tunakuona." Ndiyo hivyo tu. Ninyi mnaolala vizuri mnaweza kuona ni mchezo. Lakini kuna asubuhi nilizotoka kitandani kwa ajili ya kuandika neno lile, kisha nikarudi kulala.

Kati ya wasikilizaji kulikuwa na msichana aliyenisemesha zaidi pembeni. Jina lake, aliloniambia mwenyewe, ni Mireille. Mtoto wa hapahapa Lubumbashi, wazazi wake ni watu wa Kasai, anasoma uuguzi. Wakati huo nilijua sauti yake tu, sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, ikinijia kwa odio, ujumbe wa sauti, fupifupi. Nilimweleza kuhusu baba na ile picha. Nilimweleza kuhusu Paluku. Hakusema "jipe moyo." Siku moja alinijibu hivi, "Jirani, sina neno la kuweka juu ya hiyo. Lakini sijaenda. Niko hapa." Akaniomba pia nimpe jina la mtaa wangu, au la mtu wa karibu yangu. Nikakataa. Aliniomba mara nyingine, nikakataa tena. Nilisema tu kwamba ninaishi Annexe na tantine yangu. Na Annexe, ndugu zangu, mnaujua ukubwa wake!

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, jua kali. Tantine alikuwa shambani. Asubuhi mama alikuwa amepiga simu kutoka Butembo, akasema mtu mmoja aliyekuwa kwenye msafara wa Paluku ameonekana, na kwamba yeye ndiye pekee aliyetoka hai. Baadaye ilijulikana kwamba hata huyo mtu hakuwa kwenye msafara ule. Ilikuwa maneno ya watu. Lakini saa ile nilisikia tu kitu ndani yangu kikifunga. Sikulia. Nilifagia nyumba. Nilifua shati langu la kwaya nikalianika. Nilikuwa mtulivu sana, na utulivu ule, wazazi, mkiuona kwa mtoto aliyekuwa anateseka, msifurahi haraka.

Nikaandika kwenye kundi, "Asanteni kwa yote. Kesho msiningoje." Simu ikaanza kulia. Mireille. Sikupokea. Ikalia tena. Kisha ikaingia odio yake.

"Jirani, ninakuuliza wazi, na unijibu wazi. Unataka kujiua leo?"

Ndugu zangu! Katika miezi yote ile, katika maombi yote, katika pole zote, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampa mtu wazo. Wazo nilikuwa nalo tayari! Swali lile lilikuwa kama mtu kufungua dirisha kwenye chumba cha moshi. Sikutoka chumbani, lakini nilivuta pumzi. Nikabonyeza nikamjibu kwa sauti yangu, "Ndiyo. Unisamehe. Musinitafute." Nikaizima simu.

Yaliyofuata upande wa pili nilisimuliwa baadaye. Mireille alikuwa na msikilizaji mwenzake, Trésor, kijana anayeendesha pikipiki ya abiria. Waliisikiliza odio yangu wakairudia tena na tena, si kwa ajili ya maneno. Nyuma ya maneno kulikuwa na mlio wa mashini ya kusaga mahindi, ile inayokohoa kabla ya kushika. Na juu ya mlio ule, kwa mbali, honi ya treni. Trésor akasema, "Treni siku hizi inapita mara moja moja, na ile imepita sasa hivi. Mashini iko karibu na reli." Wakapanda pikipiki.

Walikwenda kutoka mashini hadi mashini. Mahali pa kwanza walifukuzwa. Walidhaniwa ni watu wa kudai madeni. Mahali pengine mashini ilikuwa imekufa siku nyingi. Mireille alikuwa anamwambia kila mwanamke mwenye beseni la mahindi, "Mama, tunatafuta kijana wa Goma, anakaa na tantine yake, papa yake alikufa mu vita." Hakuwa na jina la kutaja. Alikuwa na msiba wangu tu, na ndio alioutumia kunitafuta. Mpaka mama mmoja pale kwenye mashini ya kwetu akatua beseni lake, akasema, "Huyu iko mutoto wa Mama Kahindo. Yule mwenye hacheke." Akawaelekeza nyumba, kisha akatuma bintiye akimbie shambani kumwita tantine.

Mimi nilikuwa ndani, mlango nimeufunga. Sikuwa nimefanya kitu bado. Nilikuwa nimekaa chini. Nikasikia pikipiki ikizimwa uani. Nikasikia viatu. Kisha nikasikia sauti niliyoijua kwenye simu, sasa haiko kwenye simu, iko nyuma ya ubao wa mlango.

"Jirani. Ni Mireille. Niko hapa inje."

Nilisogea karibu na mlango.

"Sikuya kukuhubiria. Sikuya kukukamata. Nimekaa hapa chini ya mulango, nimechoka, mashini zote za Annexe nimezijua leo." Akagonga ubao kidogo kwa kidole. "Niambie tu kama unanisikia."

Nikasema, "Nakusikia."

"Merci. Unaweza kufungua?"

"Hapana."

"Sawa. Tutaongea hivihivi."

Na tukaongea hivihivi, ndugu zangu, mlango katikati yetu. Hakuniambia maisha ni mazuri. Aliniuliza baba yangu alikuwa anapenda kula nini. Nikamwambia viazi vya kuchemsha na samaki wadogo wa ziwani. Akaniuliza Paluku anafananaje. Nilipoanza kumweleza jinsi Paluku anavyotembea, bega moja likiwa chini kwa ajili ya kubeba magunia tangu utotoni, sauti yangu ikavunjika. Nikawa nalia kwa mara ya kwanza tangu ile picha. Nililia nikafungua mlango, sijui kipi kilitangulia.

Nilitegemea mtu mkubwa. Nikaona msichana mfupi, blauzi ya shule ya uuguzi, viatu vimejaa vumbi, uso umetoa jasho. Nyuma yake Trésor, kofia ya pikipiki bado kichwani, machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Mireille akaniambia polepole, "Ile kintu uliyotayarisha, mupe Trésor aende nayo mbali." Nikampa. Trésor akaipeleka. Mireille akakaa nami kizingitini, bega kwa bega, hakunikumbatia, hakuniuliza tena kitu.

Hapo tantine akafika. Alikuja mbio, jembe mkononi, kilemba kimeanguka njiani. Alituangalia sisi wawili. Akaelewa bila kuambiwa. Akasema, "Kambale. Juu ya nini hukuniambia?"

Nikamjibu ukweli. "Tantine, ulisema hatulie."

Ndugu zangu, jembe lilimtoka mkononi. Tantine yangu, mnayemjua kama mwanamke asiyeyumba, alikaa chini kwenye vumbi la uani, akaita jina la kaka yake. Aliliita kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisha akalia kile kilio alichokuwa amekifungia miezi yote, na mimi nikaenda nikakaa kwenye vumbi karibu naye, tukalia pamoja, na majirani wakaja wakasimama uani, na wale akina mama wa mashini wakaja na mabeseni yao, na hakuna aliyetuambia tunyamaze. Siku ile ndipo tulipomzika baba yangu.

Sitawadanganya kwamba niliinuka pale nikiwa mzima. Mireille alimweleza tantine mambo ya kufanya: nisiachwe peke yangu, na vitu vya hatari viondolewe nyumbani. Jioni hiyohiyo, kabla giza halijaingia, walinipeleka hospitali. Kulikuwa na daktari aliyenisikiliza bila kuangalia saa. Nilipewa dawa, na nilirudi kwake tena na tena kuongea. Tantine alihamisha godoro lake akaliweka karibu na langu. Hakujua maneno ya kusema, na alikiri. Aliniambia, "Miye sijue kintu ya kufanya. Lakini sitakuacha peke yako." Na kuna siku nilimkasirikia kwa kutoniacha, nikamwambia maneno mabaya, naye akaendelea kumenya mihogo yake karibu na mlango.

Mchungaji wetu alikuja pia. Nilimwambia kuhusu ile siku niliyoanguka. Aliangalia mikono yake. Kisha akasema, "Mwanangu, tulikuombea kabla ya kukusikiliza. Utusamehe." Amenipa ruhusa kulisema hili mbele yenu.

Nanyi mnaniuliza, Mungu alikuwa wapi? Nimeuliza pia. Alikuwa wapi Goma? Sina jibu, na yule atakayenipa jibu la haraka nitamwogopa. Lakini najua alikuwa wapi mchana ule. Alikuwa juu ya pikipiki, anafukuzwa kwenye mashini, anauliza habari za mtu asiye na jina. Huyo Mungu ninamtumaini! Huyo ninamsifu kwa machozi!

Ningependa kuishia hapa, mkapiga makofi. Lakini nimeambiwa nisipunguze.

Nilipopata nguvu, nilibaki kwenye kundi. Kulikuwa na msichana tuliyemwita Étoile. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika kila asubuhi, na mimi nilipokuwa hospitali alinitumia odio akiniimbia. Asubuhi moja hakuandika. Tulimpigia, simu imezimwa. Tulisikiliza odio zake zote kama walivyosikiliza yangu. Mireille, Trésor, mimi, na wengine ambao sikuwahi kuwaona uso, tulizunguka mjini siku nzima, mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo, tukiuliza. Hatukumfikia kwa wakati.

Tulimpata kwenye msiba wake. Alikuwa na miaka ya kuanza chuo. Mama yake alituuliza sisi ni akina nani, na tukasema tu, "Ni rafiki zake." Mama akasema, "Mutoto yangu alikuwa na rafiki wengi hivi? Sikujua." Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kwaya ya kanisa lao inaimba, kwaya ambayo Étoile mwenyewe aliimba ndani yake, na hakuna hata mmoja wao aliyejua alichokuwa anakipitia. Msiniambie amepumzika. Alitaka kuishi. Alituandikia kwamba anataka kuishi. Alihitaji msaada zaidi ya ule tuliokuwa nao mikononi, na haukufika.

Trésor aliacha kuendesha pikipiki siku kadhaa. Mireille alilia kama mtoto. Yule muuguzi aliyetufundisha alitukusanya akatufanya tuongee mmoja mmoja, maana msikilizaji naye ni mtu. Kisha asubuhi ikafika, na kwenye kundi mtu mpya kutoka Likasi akaandika kwamba hajui kama hapa ndipo mahali pa kusema. Mireille akamjibu.

Na mimi leo ni msikilizaji. Lile wazo bado linapita siku nyingine, hasa mama anapopiga na hana habari ya Paluku. Linapita, nalitaja kwa tantine, nalitaja kwa daktari, na likitajwa linapungua. Depo imekufa. Napakua mizigo ya watu wengine sokoni. Baba yangu hatarudi. Hayo ni maisha yangu, na niko ndani yake, namshukuru Mungu kwamba niko ndani yake.

Namshukuru Mama Kahindo. Namshukuru yule mama wa mashini, aliyekuwa ameona kwamba sicheki. Kumbe kuna mtu alikuwa ananiona! Namshukuru Mireille, na Trésor, ambao leo wamekubali kuja, wamekaa kule nyuma na wanaona haya kwa kuwa nimewataja.

Wazazi, mtoto akikwambia amechoka, usikimbilie kumjibu. Muulize. Lisemeni lile neno gumu kwa kinywa chenu, halafu ngojeni. Ombeni, ndiyo, ombeni sana, na mkimaliza mumpeleke kwa daktari, na msimwache peke yake njiani.

Na wewe kijana, kaka, dada, ambaye tangu nilipoanza kusema umekuwa unaangalia sakafu. Mungu hajakuchoka. Usingoje kesho, na usingoje upate nguvu kwanza. Mwambie aliye karibu yako kwenye benchi, sasa hivi, hata kwa kumshika mkono tu. Ukishindwa, ibada ikiisha mimi nitakuwa uani, kwenye kivuli cha ukuta, na wenzangu wawili. Huna haja ya kuja na maneno yaliyopangwa, wala jina lako la kweli. Njoo ukae nasi. Hatuna haraka ya kwenda popote.